Gita Lisilo na Tumbo

Jumatatu, 9 Januari 1950

Leo nimekata ubao. Hatimaye! Msonobari mtupu, unene wa inchi moja na nusu, hauna uwazi hata wa kuingiza kidole. Hili ndilo gita. Watu wa mji wetu wa Placentia hawajui tu bado.

Nieleze vizuri, maana shajara hii huenda siku moja ikawekwa makumbusho. Gita la kawaida lina tumbo tupu. Liunganishe na kipaza sauti kwenye ukumbi wenye makelele, tumbo linanasa sauti ya kipaza, kipaza kinanasa sauti ya tumbo, vinaanza kuzomeana vyenyewe, wiiii! Watu wanaacha kucheza na kuziba masikio. Dawa yake? Toa tumbo. Basi! Mafundi wa magita wamehangaika miaka na miaka, na aliyeliona ni mimi, Orval Tidwell, fundi redio. (Nasikia wapo wengine wawili watatu katika kaunti hii wenye wazo kama langu. Waige tu.)

Wendell Krebs akavuka barabara kuja kuchungulia. Huyu anauza piano na magita yenye matumbo, na duka lake linatazamana na langu, kwa bahati yangu mbaya. Akauliza tangu lini nimeanza kuchonga makasia. Nikamwambia hili ni gita. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akasema nikimaliza nimpelekee, mkewe anatafuta ubao wa kupigia pasi. Mtu mkubwa hajibizani. Jibu zuri sana lilinijia baada ya nusu saa, lakini alikuwa amekwisha rudi dukani kwake.

Jioni Nadine, mke wangu, kaniuliza nimetengeneza redio ngapi leo. Nikasema tatu. Ukweli ni kwamba sikugusa hata moja.

Jumanne, 10 Januari

Kikwazo! Chini ya nyuzi panatakiwa sumaku, na kuzunguka sumaku koili ya waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Bila hiyo ubao ni ubao tu. Waya huo unapatikana Los Angeles, na gari letu limekataa kuwaka tangu Krismasi.

Nikakaa nikiwa nimeshika tama. Nikainua macho. Kwenye rafu kuna redio nne za wateja. Ndani ya kila redio kuna nini? Waya mwembamba kama unywele!

Sikuiba. Nimeazima. Wataupata wote, tena umenyooshwa.

Kasoro ni moja tu: redio mojawapo ni ya Harlan Goss, kaka mkubwa wa Nadine, mwenye ekari ishirini za machungwa. Na saa tisa alasiri huyo hapo mlangoni, kuulizia redio yake. Nikamwambia valvu ya redio inaletwa kutoka Los Angeles, iko njiani. Akasema, "Shemeji, mimi kila saa mbili usiku nasikiliza taarifa ya baridi. Baridi ikishuka bila kuniambia, machungwa yanaganda mtini na mimi nimelala. Bila redio mimi kipofu." Nikamtuliza. Nikamwonyesha watu barabarani wanatembea na mashati matupu. Nikamwambia baridi ya mwaka huu imekwisha. Akanikumbusha kwamba tuko Januari.

Halafu akaimba wimbo wake wa siku zote. Anahitaji mtu shambani wa kujaza mafuta majiko mia nane yaliyopangwa kati ya miti kuipa joto usiku wa baridi. Duka hili halimlishi dada yake. Mikono yangu haina kazi. Bahati mbaya Nadine alikuwa ndio anaingia, bado kavaa aproni ya kiwanda cha kupakia machungwa, ametoka kuchambua machungwa kwa muda wa saa tisa mfululizo. Nikangoja anitetee. Akasema polepole, bila hata kukasirika, "Mpe mpaka Jumamosi, kaka."

Makubaliano ni haya. Jumamosi kuna dansi ukumbi wa Rainbow. Mpiga gita wa pale ni Dub Lassiter, na katika kaunti hii hakuna anayemfikia. Dub akipiga gita langu na kulitaka, nabaki na duka langu. Asipolitaka, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko shambani kwa Harlan.

Nikakubali haraka haraka, nikacheka hata. Lakini niandike ukweli hapa, maana hakuna anayeniona. Naogopa. Nilianza kuchuma pamba ya watu kule Oklahoma nikiwa na miaka sita. Siku niliyofungua redio ya kwanza na kuifanya izungumze, niliapa sitainama tena katika shamba la mtu. Nimekaa miaka kumi na minne bila kuinama.

Alhamisi, 12 Januari

Siku mbili za ushindi, zenye matatizo madogo madogo ya nyumbani.

Koili nimeizungusha kwa cherehani ya Nadine. Unafunga sumaku pale kwenye gurudumu, unakanyaga, unahesabu. Nilikuwa nimefika mzunguko wa elfu tatu mia nne na kumi na mbili Wendell alipoingiza kichwa na kuuliza kama sasa nashona magauni. Nikasahau hesabu. Nikaanza upya! Nadine akaja na gauni lake la buluu, anataka kukunja pindo kwa ajili ya Jumamosi, akakuta cherehani yake imejaa waya kama kiota. Alisema mambo ambayo sitayaandika. Pindo amelishona kwa mkono.

Koili lazima izamishwe kwenye nta, isitikisike. Nta nimeiyeyusha katika sufuria yake ya mchuzi. Niliiosha! Lakini leo asubuhi mchuzi wa kuchovya mkate umekuja na harufu ya mshumaa, na tumekula bila mazungumzo.

Lakini shingo! Hapa lazima nijisifu. Wendell anasema shingo ya gita hugundishwa kwa gundi na mtu mwenye subira, ikakaa wiki tatu kwenye vibanio. Yangu nimeikaza kwa skrubu nne, kama mfuniko wa redio. Akasema ni ushenzi. Nikamuuliza gita lake likivunjika shingo mteja anafanya nini. Akasema analileta, anangoja miezi miwili. Nikamwambia langu likivunjika, bisibisi, dakika tano, shingo mpya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amevuka barabara bila neno! Nimeandika tarehe ukutani.

Umebaki waya wa kutoka kwenye gita kwenda kwenye kipaza sauti. Nimetaka uwe mrefu, futi ishirini na tano, Dub aweze kutembea jukwaani kama mfalme. Waya unaotakiwa ni ule uliovikwa wavu wa shaba, na sina. Nimefungua waya wa taa ya sebuleni. Umeme ni umeme.

Ijumaa, 13 Januari

Nimepaka rangi ya magari, rangi ya maziwa. Imekauka. Nimefunga nyuzi. Nimewasha kipaza sauti dukani saa nane mchana na kupiga mara moja tu.

Jamani! Sauti safi, kali, imenyooka, haina wiiii. Nimepandisha mpaka mwisho. Hakuna wiiii! Mbwa wa mtaa mzima wamebweka. Niliketi chini sakafuni.

Kuna kaneno kadogo. Nisipopiga, naisikia kwa mbali sauti ya mwanamume ndani ya kipaza, anazungumzia bei ya nguruwe. Nadhani ni jirani. Kuta hizi ni nyembamba.

Jumamosi, 14 Januari

Saa kumi alasiri. Nimenyoa. Harlan kapita tena kuulizia redio, kasema anga ni jeupe mno leo na hakuna upepo, haipendi. Nikamwambia badala ya kukaa nyumbani kuitazama rafu tupu, aje kwenye dansi. Nimemshawishi kweli kweli. Nikambembeleza mpaka akakubali. Nataka awepo anione.

Jumapili, 15 Januari

Sijui nianzie wapi.

Dub Lassiter ni mtu mrefu, mpole, mwenye kofia nyeupe, anayeongea kama anayelipia kila neno. Alilipokea gita langu mbele ya ukumbi mzima, akaligeuza huku na huku, akaniuliza lililobaki liko wapi. Ukumbi ukaangua kicheko. Wendell alikuwa amekaa mbele kabisa, kajiletea kiti chake mwenyewe. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Dub, chota theluji na hilo koleo lako!" Masikio yangu yaliwaka moto.

Kisha akapiga.

Kicheko kilikatika hapo hapo. Fidla mbili, ngoma, piano, miguu ya watu mia tatu kwenye sakafu ya mbao, na juu ya yote hayo gita, kila noti peke yake. Nilimwona Dub akiangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilipanda jukwaani katikati ya wimbo mara tatu na bisibisi kurekebisha kipaza, maana fundi hawezi kukaa tu. Mara ya tatu Dub alinisukuma kwa goti, bila kukosea noti. Nadine alikuwa anacheza na Harlan, gauni la buluu linazunguka, akanitazama, akacheka. Nilikuwa nimeshinda! Niandike hivyo, maana kwa dakika arobaini ilikuwa kweli.

Ikafika saa mbili. Waltz, wimbo wa taratibu wa kucheza wawili wawili. Mwishoni Dub akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, ukumbi ukawa kimya, wapenzi wameegemeana. Na kutoka kwenye kipaza changu, kwa sauti kubwa, safi, bila wiiii, mwanamume mmoja asiye na mbwembwe akasema: "Placentia, Yorba Linda na mashariki ya Fullerton. Digrii ishirini na sita, yaani sita chini ya kuganda, kabla ya alfajiri. Washeni majiko mapema."

Hakuna aliyeuliza sauti imetoka wapi. Hakuna mtu wa hapa asiyeijua sauti ile ya taarifa ya baridi. Nusu ya ukumbi ni wenye mashamba ya machungwa na nusu nyingine wanawafanyia kazi. Viti vikaanguka. Harlan alitoka wa kwanza, kaacha kofia, Nadine nyuma yake na viatu mkononi. Kabla hujahesabu mia mbili, ukumbi ulikuwa na Dub, mpiga ngoma, mimi, na Wendell.

Dub, muungwana yule, aliimalizia waltz mpaka mwisho kwa heshima ya viti. Wendell akapiga makofi. Akasema, "Jirani, nimeona dansi zikivunjwa na mapolisi, nimeona zikivunjwa na ngumi. Kuvunjwa na gita, hii ni mara ya kwanza."

Nikaenda shambani kuwasaidia kuwasha. Nisiseme mengi. Nimeunguza ngazi moja, na upande mmoja wa lori la Harlan.

Leo kanisani watu wote wana masizi ya majiko puani, mchungaji pia. Kila mtu anakohoa. Nadine ana malengelenge viganja vyote viwili kwa kuwasha majiko. Angenifokea ningefurahi. Nilijaribu kumshika mkono wakati wa sala, nikakumbuka malengelenge, nikaushika mkono wa koti lake.

Kesho ni Jumatatu.

Jumatatu, 16 Januari

Nilifika kwa Harlan saa kumi na mbili kamili, nimevaa buti. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anamenya chungwa. Akanipa kipande. Tamu. Halikuganda.

Akasema wangechelewa saa moja tu, mavuno yote yangekwenda na maji, na shamba huenda nalo. Kisha akaniuliza habari za valvu. Nilikuwa na uongo mzuri kabisa umekaa tayari mdomoni. Sijui kilichonipata. Labda lile chungwa. Nikamwambia hakuna valvu. Nikamwambia waya wa redio yake uko ndani ya gita.

Akaendelea kula mpaka akamaliza chungwa zima. Nikaanza kuangalia njia ya kukimbilia.

"Kwa hiyo ni redio yangu mwenyewe ndiyo iliyoniambia," akasema. Na akacheka! Harlan Goss, ambaye sijawahi kumwona akicheka tangu harusi yetu, na hata siku ile aliyecheka ni mjomba wake. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akasema nirudi dukani nikatengeneze redio za watu, zote nne, leo. Lori lake nilichukue, niende Los Angeles nikanunue waya, na upande ulioungua niuangalie vizuri njia nzima. Kuhusu kazi ya shamba, hayo ni mapatano yangu na dada yake. Nadine akisema niende nitakwenda, lakini moto sitaushika tena.

Nadine kasema atangoja kusikia Dub anasemaje.

Jumatano, 18 Januari

Redio nne zinaongea. Wateja wamezichukua. Mmoja kasema yake sasa ni nzuri kuliko ilivyokuwa.

Saa tano asubuhi lori likasimama, Dub huyo. Akavua kofia. Akasema amepiga gita kwenye kumbi miaka tisa, na Jumamosi ndiyo mara ya kwanza kujisikia mwenyewe. Maneno mengi hayo kwa Dub. Analitaka. Kila Jumamosi! Kuna bendi ya Riverside na nyingine ya El Monte wamemuuliza habari zake. Sharti ni moja: "Yule mzee wa baridi asipande tena jukwaani na mimi."

Kazi ya kitoto. Koili mpya kwa waya mpya. Kifuniko cha shaba juu yake. Waya uliovikwa wavu badala ya ule wa taa, uliokuwa ukinasa redio. Jioni nimewasha, nimepandisha mpaka mwisho. Kimya kabisa. Wala bei ya nguruwe haisikiki.

Nadine alisimama mlangoni, viganja vimefungwa vitambaa. Nikapiga ile waltz vibaya vibaya, maana mimi si mpigaji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaja, akagusa ubao kwa ncha za vidole. Akasema, "Limekwisha, Orval. Ni zuri. Sasa niahidi hutaligusa tena."

Nikaahidi. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni moshi wa risasi ya kuunganishia waya. Akasema chuma cha kuiyeyushia hata sijakiwasha. Tumekula mkate wa mahindi na maharage, tukakaa mezani mpaka chai ikapoa, na tukazungumza kama zamani.

Ijumaa, 20 Januari

Kitu cha ajabu. Wakulima watatu wamenisimamisha barabarani, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kama kesho gita litatoa taarifa. Wanasema wake zao wanataka dansi, wao wanaogopa baridi, na saa mbili inawakuta mbali na redio. Nikawaambia hapana, limepona. Nikaona nyuso zao zikisinyaa.

Wendell naye kavuka. Kasema anasikitika nimelinyamazisha, maana habari ndicho kitu pekee lilichokuwa likipiga vizuri.

Alikusudia kunitukana. Lakini nimelala kitandani mchana huu nikiyafikiria maneno hayo.

Swichi moja. Ndogo. Ukiisukuma huku, gita. Ukiisukuma kule, baridi.

Jumamosi, 21 Januari

Saa kumi na moja na nusu jioni. Naandika huku chuma kinapata moto.

Gita liko chali juu ya meza ya jikoni. Kifuniko cha shaba nimekitoa, kwa muda tu. Nimekata waya mmoja. Mitatu. Kuna mmoja ambao sikumbuki ulikuwa unakwenda wapi, lakini utajionyesha wenyewe. Shimo la swichi limetoboka kubwa kuliko nilivyotaka na rangi imepasuka kidogo mpaka kwenye shingo. Haionekani ukisimama mbali.

Nadine katoka chumbani na gauni la buluu, midomo imepakwa rangi. Akaiona meza. Akavuta kiti akakaa, koti mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Lilikuwa limekwisha, Orval. Si uliniahidi?" Nikamwelezea habari za swichi. Nikamwambia mtu yeyote anaweza kutengeneza gita, lakini hili litakuwa gita linalookoa machungwa. Nikamwomba amtilie Dub kahawa akifika, dakika kumi tu.

Saa kumi na mbili. Dub kaja. Hakutaka kahawa. Aliitazama meza, akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani, akairudisha kichwani. Akasema pole. Sijui alikuwa akimwambia nani. Akaenda kwenye lori, nikamwona akipangusa vumbi gita lake la zamani, lile lenye tumbo.

Nadine kavaa koti. Kasema katika nyumba hii mtu mmoja atakwenda kucheza leo. Kasema buti zangu za shamba ziko nje kibarazani, na Harlan anaanza saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu, na yeye hatanitetea. Akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akapanda lori la Dub, katikati, kati ya Dub na mpiga ngoma, wakaondoka.

Nyumba imekuwa kimya sana. Sikupenda jinsi alivyonibusu.

Nimekaa nikitafuta waya ule mmoja ulikuwa unakwenda wapi. Nikawa nafikiria shamba. Miaka kumi na minne. Kuinama, ndoo ya mafuta, kuinuka, jiko linalofuata, kuinama. Majiko mia nane, na kila moja linawashwa kwa mkono!

Kwa mkono! Mwaka 1950!

Waya mmoja mrefu, upite shamba zima, jiko hadi jiko. Cheche moja kila penye mafuta. Swichi moja ukutani, kando ya kitanda cha Harlan. Halafu anasukuma tu, bado kalala.

Harlan kasema nisishike moto. Sitaushika. Huo ndio utamu wake. Nimegeuza gita upande wa pili, nyuma pana nafasi nzuri ya kuchorea ramani ya waya huo, na nimeanza.